Mgeni wa Mama Akurut

Dancan aliudaka mkono wa Mama Akurut ukiwa tayari umeingia chini ya leso.

"Hiyo ingine ni ya nani, mama?"

Laini yote ya uji ikageuka kutazama. Mama Akurut akatoa kikombe cha pili, cha plastiki, kimejaa uji hadi mdomoni.

"Ni ya mgeni wangu, Bruda."

Dancan hakuwa bruda. Alikuwa mwalimu kutoka kijiji cha Osieko aliyeacha kazi kwa miaka miwili, akaja Malaba, mpakani, kama mmisionari mlei kuwapikia maskini uji nyuma ya kanisa. Lakini watu walikuwa wameamua kwamba ni bruda, naye alichoka kuwasahihisha. Na tuseme ukweli, jina lenyewe lilikuwa limeanza kumkaa vizuri.

"Kikombe ni kimoja kwa mtu mmoja," alisema. "Mgeni wako aje apange laini kama wengine."

"Hawezi. Ataona haya."

"Basi hana njaa."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba Akurut amejipatia dereva wa trela. Foleni ya malori ilikuwa haijasonga kwa siku tatu na madereva walikuwa wamejaa mjini, kwa hiyo mzaha huo ulipata wateja. Dancan akakichukua kile kikombe, akakimwaga sufuriani mbele ya wote. Mama Akurut alifunika kikombe chake cha kwanza kwa kiganja, akaenda zake bila hata kukionja.

Kwa dakika kumi Dancan alijiona mtu wa haki. Halafu laini ikaisha, na uji ukabaki vikombe viwili vizima. Wakapewa makanga wawili wa matatu waliokuwa wanapita, ambao hawakuwa na njaa yoyote.

Dancan mwenyewe hakuugusa. Siku ya kwanza alijiapia kwamba sufuria ya maskini hataionja, na posho yake huisha kabla mwezi haujafika katikati, kwa kuwa hajui kumnyima mtu. Alikuja mwembamba, na kama si masista angekwisha kabisa. Tangu juma lake la pili, kila jioni alikuta kopo jeupe limening'inia kwenye msumari wa mlango wake, limejaa uji wa moto uliotiwa ukwaju. Kwao hawatii ukwaju kwenye uji, lakini sasa alianza kuuwazia tangu saa sita. Asubuhi aliliosha kopo, akalirudisha msumarini, na mchana lilichukuliwa.

Nyumba ya masista iko ng'ambo ya ua. Hakuwahi kuwashukuru. Anayetoa kwa siri, alijiambia, asiaibishwe kwa kutajwa. Ila Jumapili iliyopita, mshikio wa kopo ulipong'oka, aliufunga kwa uzi wa buluu wa rozari yake kuukuu, mafundo matatu. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

"Umemwaga uji wa mama mbele ya watu," alisema Emorut, katekista, akisugua sufuria.

"Sheria ni kikombe kimoja."

"Sheria nimeisikia. Lakini sisi Wateso, mgeni wako akikaa njaa, si yeye ameaibika. Ni wewe." Akaendelea kusugua. "Leo umemwaibisha huyo mama mara mbili."

Aibu ilimpanda Dancan hadi masikioni. Alikumbuka kiganja kile juu ya kikombe, na jinsi alivyopaza sauti ili laini yote imsikie, na akajichukia.

Saa kumi akashika njia ya nyuma ya reli, mikono mitupu, kwenda kwa Mama Akurut kuomba msamaha. Njiani alimwandalia maneno hata yule dereva. Moyoni, ingawa hangeweza kulikiri hilo mbele ya Emorut, alitumaini atamkuta pale amenyoosha miguu, mnene, ameshiba. Angalau aibu ingepungua nusu.

Hakukuwa na dereva. Kilikuwa chumba cha mabati, kigoda kimoja, na Mama Akurut amechuchumaa mlangoni mbele ya jiko, anapasha moto kile kikombe kimoja alichoondoka nacho. Alipomwona Dancan alishtuka, akainuka na kujiweka katikati ya mlango.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watu."

"Wacha, Bruda. Mimi watu kunicheka nimezoea." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Dancan zaidi. "Ni vile tu leo nitampatia yangu."

"Na wewe utakula nini?"

"Mimi niko kwetu. Nikikosa, nitaenda kwa Alupo hapo jirani. Huyo mgeni ako mbali na mama yake, hana mahali pa kubisha hodi. Na ana kiburi kidogo, huyo. Anajifanya ameshiba."

"Ako wapi? Niruhusu nimwombe yeye pia msamaha."

Mama Akurut akaangalia chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu, kwa haya, kama msichana.

"Enda tu nyumbani, Bruda. Umechoka. Enda ukae."

Akainama, akakamulia kitu ndani ya uji, akakoroga. Harufu ya ukwaju ikampata Dancan pale alipokuwa amesimama. Nyuma ya mama, juu ya kigoda, kopo jeupe lilikuwa limewekwa tayari, mshikio wake umefungwa kwa uzi wa buluu, mafundo matatu.