Mstari wa Tano

"Acha, mwanangu, kivinjari hiki cha zamani kinanitosha," Mwalimu alisema kwa mara ya tatu, mkono kauweka juu ya kompyuta kama mtu anayekinga chakula na nzi.

Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda, alicheka. "Mama, kivinjari chenyewe hakifungui hata tovuti ya pensheni. Nakuwekea kipya, nahamisha maneno yako yote ya siri, dakika tano tu. Au una mchumba umemficha humo?"

"Mchumba na magoti haya!"

Mwalimu naye alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Humo hamkuwa na mchumba, mlikuwa na aibu. Miaka miwili iliyopita Kitinda alikuja kumtembelea, akaomba kompyuta asome barua pepe zake. Alipoondoka, kivinjari kikabaki na anwani yake na neno lake la siri. Siku ya kwanza Mwalimu alifungua kwa bahati mbaya. Siku ya pili hakuwa na kisingizio. Yeye! Aliyefundisha miaka thelathini na mbili, aliyesimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa kosa la kusoma barua za wenzao!

Na aliyoyasoma yalimkosesha usingizi. Kitinda alikuwa akimwandikia rafiki mmoja wa ng'ambo: mimba ya kwanza imeharibika, ya pili vilevile. Kwa simu alikuwa akisema, "Sisi wazima kabisa, mama." Mwalimu akaacha kumuuliza mjukuu atakuja lini, basi. Zaidi ya hapo angesema nini, naye hajaambiwa?

Barua ya mimba ya tatu iliandikwa hospitalini, mumewe akiwa safarini kikazi. Ilitaja wodi, kitanda, mpaka saa za kuona wagonjwa. Mwalimu alivaa, akabeba mkoba, akafika mlangoni, akarudi kuketi. Akiulizwa nani kamwambia, atajibu nini? Akaishia kumlaani yule rafiki, ambaye hakuwahi kujibu hata barua moja.

"Toa mkono, mama."

Akautoa.

Kivinjari kipya kikauliza kama kilete maneno ya siri kutoka kile cha zamani. Kitinda akakubali. Orodha ikajipanga: benki, pensheni, umeme, kikundi cha wastaafu. Mstari wa tano, anwani ya Kitinda mwenyewe. Ndiyo hivyo, za mwizi arobaini. Mwalimu akainamia sakafu.

Binti hakushtuka. Alitia alama mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Na huu niuhamishe?"

"Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea. Nimezisoma barua zako zote, naona haya hata kukutazama."

"Najua ulizisoma. Uliacha kuniuliza mjukuu."

"Na hospitali ningekuja, haki ya Mungu. Nilifika mpaka mlangoni. Niliogopa utajua kwamba nakuchungulia. Nikasema labda huyo rafiki yako atatuma mtu."

Kitinda akageuza kiti, wakatazamana.

"Hakuna rafiki, mama. Anwani ile niliyokuwa nikiiandikia nayo ni yangu. Kukwambia kwa mdomo kulinishinda, nikakuachia neno la siri."

Mwalimu akaugeukia tena mstari wa tano.

"Siku ile nililala nimeuelekea mlango wa wodi," Kitinda alisema, "mpaka mgeni wa mwisho akatoka."