Kaseti Kutoka Kongo

Opiyo aliimba vizuri mno, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Umepatia kila kitu," Wanyoike alilalamika, akiweka gita chini. "Munyoki hakuwa anapatia kila kitu. Alikuwa anachelewa kuingia, anaimbia puani, na akikaribia korasi anavuta pumzi kama mtu amemwagiwa maji baridi."

"Buda, mimi si kasuku," Opiyo alijibu. Hata hivyo alirudi mbele ya maikrofoni.

Walikuwa watatu chumbani kwa Patrobas, mpiga ngoma, kule Umoja, dirisha limezibwa kwa godoro ili kelele za watoto zisiingie. Hawakuwa wamepiga pamoja tangu bendi yao ivunjike. Enzi zao, vijana wa Eastleigh walisukumana mlangoni kuwasikiliza wakipiga soul, nywele msitu, suruali zinafagia sakafu. Kisha disko likaja, watu wakaona santuri haina njaa wala haidai soda, na Munyoki, mwimbaji wao, akaenda kujaribu bahati Kampala. Kuandika barua hakupenda. Aliwatumia wazazi wake kaseti: salamu, mzaha, na wimbo mmoja mpya. Mama yake alizisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza.

Baada ya vita vya Uganda, kaseti zilikoma.

Baba yake Munyoki, Mzee Ndambuki, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na madereva wenzake ndio waliomletea habari. Alikwenda Kampala mwenyewe, akaonyeshwa kaburi la mwanawe. Aliporudi nyumbani Maringo alimwambia mkewe kwamba hakumkuta kijana, ila watu wamemhakikishia ni mzima, amevuka kwenda kuimba Kongo. Siku iliyofuata alimtafuta Wanyoike kazini, akamvuta kando ya ukuta, akalia kama mtoto.

"Moyo wa mama yenu umechoka," alisema. "Daktari alisema mshtuko mwingine hatauweza. Na kila jioni ananiuliza, mbona hatumi kaseti? Nitengenezeeni moja, wanangu. Wimbo mpya, kwa ule mtindo wenu. Za zamani anazijua zote."

Utamkatalia vipi mzee anayelia? Wanyoike angeshukuru kufundishwa. Alikubali, akatunga wimbo kwa kuiba namna ya Munyoki ya kulalamikia mapenzi huku anacheka. Kila mstari uliofanana na wa rafiki yake ulimtia aibu, na uliokosa kufanana ulimtia hofu. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Walirudia wimbo mpaka vidole vikawasha. Hatimaye Opiyo akachelewa kuingia, akaimbia puani, akavuta ile pumzi. Ngoma zikanyamaza. Patrobas alikuwa ameinamia magoti yake.

"Huyo ni yeye," alisema. "Jameni, huyo ni yeye."

Wakamngoja atulie, kisha wakarekodi upya.

Jumapili baada ya kanisa waliipeleka Maringo, wamevaa mashati ya heshima. Mama Munyoki aliwapokea kwa furaha, akawaandalia muthokoi wa mahindi na maharagwe. Chakula cha mumewe alikipakua kutoka sufuria ya pembeni.

"Cha Mzee hakina chumvi," aliwaeleza. "Presha yake imepanda sana. Tulikatazwa hata kumuudhi."

Wanyoike akautoa uongo alioufanyia mazoezi njia nzima: dereva mmoja amefika kutoka Kongo na kaseti ya Munyoki. Patrobas akainuka haraka kuelekea kwenye redio, maana alitaka jambo liishe aende zake.

"Ngoja kwanza," Mama alimzuia. "Baba Munyoki ananawa mikono. Nataka aisikie tangu mwanzo."

Mzee alipoingia, mama alihamisha kiti chake akaketi akimwelekea. Wimbo ulianza. Wanyoike alitazama viatu vyake. Opiyo alisikiliza sauti yake mwenyewe ikijifanya ya marehemu, jasho likimtoka, na hapakuwa na mahali pa kukimbilia katika chumba kile kidogo. Ilipofika ile pumzi, mama alicheka kwa sauti.

"Msikie na pua yake! Baba Munyoki, unamsikia mwanao? Si ni mzima kabisa?"

"Nilikwambia," Mzee alijibu. Alisimama ghafla, akasema anakwenda dukani kununua sukari, ingawa sukari ilikuwa mezani, akatoka bila kofia.

Wanyoike alijisikia mwizi. Alitamani kupiga magoti aseme kweli, liwalo na liwe, lakini alikumbuka maneno ya daktari. Ukisema unaua, ukinyamaza unadanganya. Wala hakuna njia ya tatu. Akawapa wenzake ishara waage.

"Mama, tutakuja tena," alisema.

"Njooni, wanangu. Tena mje na nyingine." Mama alikwenda dirishani, akamsindikiza mumewe kwa macho mpaka alipopinda kona. Kisha akarudi, akaushika mkono wa Wanyoike kwa mikono yake yote miwili, akanong'ona.

"Mwanamke aliyemzika Munyoki alikuja kuniambia tangu Krismasi. Huyu mzee walimdanganya kule Kampala, akaamini, nami nimemwacha hivyo hivyo. Nawaomba, msije mkamwambia, habari hiyo itamuua."