Neno la Siri la Jogoo

Kulikuwa na Jogoo, na Jogoo alikuwa na mdomo. Alinunua kufuli la kisasa la kulinda mayai ya mkewe, Kuku, linalofunguka kwa neno la siri. Akachagua: "Kokoriko!"

"Baba Vifaranga, neno hilo kila alfajiri unalitangazia mtaa mzima!"

"Nani atadhani ndilo?"

Nguchiro, mwizi wa mayai, alidhani. Jogoo alipotoka, mwizi akasimama mlangoni akawika. Kufuli kimya. Akawika tena, kwa madaha. Mbwa akaja kumtazama jogoo huyu wa miguu minne, na Nguchiro mpaka leo anakimbia.

"Kumbe ulilibadilisha neno!" Jogoo akashangilia aliporudi na kusikia kisa. "Jipya lipi, mke wangu?"

"Mume wangu, nakupenda sana," Kuku akajibu. "Wewe utabisha hodi."