Mchoro wa Kaka

Mchoraji alikuwa amekataa katakata kujianika mtandaoni. Lakini kazi zilipoadimika, dada yake alimbana hadi akakubali kufungua ukurasa.

"Weka mchoro, andika jina lako, basi. Hawakuli hao," dada alimwambia.

Akaweka mmoja tu: kaka yao akiwa ameinama mlangoni, anafunga kamba za viatu, siku ile aliyogombana na baba akaondoka asirudi tena. Aliuchora kwa kumbukumbu. Kwenye vidole alikuwa ameikandamiza penseli mpaka karatasi ikakwaruzika.

"Si ungeweka ule wa maua?" dada akanung'unika. "Huu nani ataununua?"

Jioni, wakiwa wanakunywa chai, simu ikatetemeka. Mtu asiye na picha alikuwa ameandika chini ya mchoro: "Viatu vile vilikuwa vinanibana. Baba bado amekasirika?"

Dada akaziba mdomo kwa kiganja. Mchoraji akaanza kujibu, akafuta, akaanza tena.

Kutoka chumba cha pili, baba akakohoa. "Mbona mmenyamaza ghafla, wanangu?"

Mchoraji akainuka na simu mkononi, akaenda kumwonyesha.