Namba ya Wanja

"Ni Wanja?"

"Hapana, Mzee. Ni Rosebella. Yule wa jana."

"Haiya. Nimekosea tena."

"Umekosea tena."

Rosebella aliitoa sufuria ya chai kwenye makaa, akavuta kiti. Alijua kinachofuata. Mzee Gikonyo wa Ainabkoi angeomba msamaha, aulize kama huko kwake Langas kumenyesha, kisha aeleze habari za viazi vyake na za ng'ombe wake anayeruka ua. Halafu angesema wacha sasa nimtafute binti yangu, na simu ingekatika. Baada ya hapo hakuna aliyesema neno katika nyumba ya Rosebella hadi jioni iliyofuata.

Watoto wake wawili walikuwa Doha. Walimtumia pesa bila kukosa. Hawakupiga.

"Ni macho, mama," Mzee alikuwa amemweleza mara ya kwanza. "Hizi namba zinaruka. Ya mbele naiweka nyuma, ya nyuma naileta katikati."

Lakini kila jioni alikosea vile vile, simu ikamfikia yeye.

Rosebella angeweza kulimaliza jambo hilo siku ile ile. Alikuwa mhasibu wa ghala la mahindi maisha yake yote ya kazi, na vitabu vya hesabu vilipokataa kulingana alianza na kitu kimoja. Toa namba ndogo kwenye kubwa, kisha jumlisha tarakimu za jibu. Kama mtu amevuruga tu mpangilio wa tarakimu, tofauti lazima igawanyike kwa tisa, hata namba iwe ndefu namna gani. Jumla itakuwa tisa, au kumi na nane, au ishirini na saba, na kuendelea. Makarani wake walidhani ni uchawi. Ilikuwa tisa tu.

Alinyamaza kwa sababu alijua akimsahihisha, simu za jioni zitakufa.

Ila jioni hii alimfikiria huyo Wanja, popote alipo, anatazama simu isiyolia. Hilo Rosebella alilijua vizuri mno. Aliona haya.

"Mzee, chukua karatasi yako unisomee namba ya msichana. Nikupangie, uache kunisumbua."

"Sasa hivi?"

"Unangoja nini? Mtoto anakungoja."

"Basi nivae miwani."

Alisoma polepole, akitulia kwenye kila tarakimu kama mtu anayechagua viazi vya mbegu. Rosebella aliandika nyuma ya risiti ya unga, akaweka namba yake mwenyewe chini, akatoa.

3,418,205.

Alijumlisha. Ishirini na tatu.

Akajumlisha tena kuanzia nyuma. Ishirini na tatu.

Haikugawanyika kwa tisa; hakuna tarakimu iliyokuwa imeruka.

Mzee hakuwa amekata simu. Alisikika akipumua.

"Umeona kosa, mama?" aliuliza.

Rosebella alikunja ile risiti, akaisukuma ndani ya makaa, akangoja ishike moto.

"Nimeliona. Ni macho tu, Mzee," alisema. "Hata kesho utakosea."