Waya wa Kilindini

Bahari ilikuwa imetulia tuli siku Tausi alipokwenda kuutoa mtambo wake majini. Mwaka mzima ulikuwa kilindini ukipima mawimbi yasiyoonekana juu, yale yapitayo baina ya maji moto na maji baridi. Alitaka kujua yanafanya nini yakikutana na mzunguko mkubwa wa maji, uliokwisha kuzamisha vyombo vitatu vya mji wao.

Nahodha Mbwarali aliuongoza waya ulioshika mtambo kwa mkono huku injini ya boti ikiuvuta. Mara mzunguko ukafika, na wimbi la chini likaupiga mtambo likaenda nao. Waya uliruka, ukamzonga nahodha mkono na kumbana kwenye ukingo wa boti. Mfupa ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Boti ikalala ubavu, maji yakaingia.

"Kata, mwanangu!" nahodha alipiga kelele.

"Vipimo vyote vimo humo, baba!"

Tausi aliyasema hayo, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Alinyakua shoka akapiga. Waya haukukatika. Akapiga tena na tena, damu ya nahodha ikimrukia usoni, akiilaani bahari kwa sauti. Pigo la tano likaukata, boti ikainuka.

Aliufunga mkono wa nahodha kwa kanga yake.

"Mtambo umekwenda?" mzee aliuliza.

Tausi alichungulia majini. Waya ulikuwa ukishuka kwa duara pana, mara ukavutwa kando, mara ukarudishwa juu, kama kitu kinachogombewa na mzunguko na wimbi la chini.