Dirisha la Tatu, Ghorofa ya Sita

Mwanga wa kijani ulimpiga machoni saa kumi na mbili kasoro robo jioni, saa ileile ya jana na juzi. Mwendesha kreni akainua mkono wa kushoto juu kujikinga, wa kulia ukabaki kwenye mtambo. Chini yake zilining'inia tani mbili za nondo. Chini ya nondo kulikuwa na watu.

Safari hii mzigo uliyumba. Alipoanza kuona tena, msimamizi alikuwa anafoka kwenye redio.

"Umebakiza kidole kimoja tu umuue fundi. Ikitokea tena, unashuka na hupandi tena."

Miaka kumi na tisa juu ya kreni, leo aambiwe hivyo kwa sababu ya mpuuzi mmoja na tochi yake ya leza.

Daktari wa macho naye alikuwa amemkera. "Kwa umbali wa nusu kilomita haikuunguzi jicho," alimwambia. "Inakupofusha sekunde chache tu."

"Chache tu? Daktari, njoo usimame chini ya nondo zangu."

Hata nyumbani hakukukalika. Asubuhi hiyo mkewe alimwambia, "Mama anakusifu. Anasema siku hizi umelainika. Nimeshangaa, maana tangu ahamie na dada yako kwenye nyumba mpya hujakanyaga huko."

"Nitaenda nikishamtia adabu huyo mshenzi."

Alishusha mzigo, akazima mashine, akahesabu. Ghorofa ya sita, dirisha la tatu kutoka kushoto, jengo la ng'ambo ya reli. Akateremka ngazi, akavuka reli bila kutazama huku wala huku. Angeivunja ile tochi kwanza. Kisha vidole vilivyoishika.

Ghorofa ya sita alifika anahema. Akaugonga mlango kwa ngumi.

Akafungua dada yake. "Kumbe unapajua," alisema. "Nani kakuelekeza?"

Nyuma ya dada, mama yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, miguu imefunikwa shuka, mkononi tochi ndogo ambayo dada huitumia kuonyeshea ubaoni chuoni.

"Si nilikwambia atakuja," mama alimwambia binti yake, uso umemchanua. "Kila jioni nikimmulika, ananipungia mkono."